Nadharia Isiyo na Mtu wa Kuingoja

Fizikia ya nadharia ni rahisi kuianza kuliko karibu sayansi nyingine yoyote. Haidai maabara, haidai darubini, haidai kibali cha kukusanya sampuli wala bajeti ya kemikali. Daftari, kalamu, kompyuta ya kawaida na akili iliyofunzwa vinatosha. Ndiyo maana mhadhiri mwenye vipindi vingi, mwalimu wa sekondari aliyewahi kuandika tasnifu nzuri, au mhandisi wa kampuni ya simu ambaye chuoni alisoma fizikia, kila mmoja anaweza kuwa na swali lake la pembeni: mlinganyo ambao haujamkaa sawa, jambo katika nadharia ya joto ambalo vitabu hulipita haraka mno, wazo kuhusu mashimo meusi lililomjia zamani na mpaka leo halijamwacha. Anaanza kwa ari. Kurasa za mwanzo zinakwenda vizuri. Kisha mwezi unapita hajaligusa daftari, halafu mwaka, na kazi inabaki palepale ilipoachwa.

Ukimuuliza kwa nini, atakujibu kwamba hana muda. Simbishii. Nani asiyezijua shughuli za mhadhiri wa vyuo vyetu: madarasa makubwa, marundo ya mitihani ya kusahihisha, safari za kuwakagua wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo, vikao vya idara, na kazi za ushauri zinazosaidia kulipa karo za watoto? Lakini muda peke yake hauelezi jambo hili, na naamini kwamba kwa kuung'ang'ania tunaikosa sababu iliyo nzito zaidi. Kazi ya pembeni ya nadharia hukwama kwa sababu hakuna anayeingoja, na kwa sababu mwenye kazi hajaamua ni jibu gani likipatikana atasema basi, imekwisha. Mambo hayo mawili yalipokuwepo, watu wenye muda mdogo sana wamemaliza kazi kubwa. Yalipokosekana, hata mtu aliyekuwa na muda wote wa kutosha alikwama.

Mfano wa pande zote mbili tunaupata kwa mtu mmoja. Albert Einstein aliajiriwa na ofisi ya hataza ya mjini Bern, Uswisi, mwaka 1902, akiwa mtaalamu wa daraja la tatu. Alikagua michoro ya wavumbuzi saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki. Mwaka 1904 nyumbani kulizaliwa mtoto. Mwaka 1905, katika hali hiyohiyo, alitoa makala kuhusu mwanga kusafiri katika vifurushi vya nishati, kuhusu punje ndogo zinazotikisika ndani ya maji, kuhusu uhusianifu, na kuhusu uhusiano wa tungamo na nishati. Miaka 28 baadaye alihamia Princeton, Marekani, katika taasisi isiyomdai kufundisha wala kusahihisha chochote. Alikuwa na jina, mshahara, wasaidizi na utulivu. Huko alijitolea kuiunganisha nguvu ya uvutano na usumaku-umeme katika nadharia moja, kazi aliyokuwa ameianza tangu miaka ya 1920. Alipofariki tarehe 18 Aprili 1955 bado alikuwa akiifanya; hata akiwa hospitalini aliomba aletewe karatasi zake za hesabu.

Swali la Princeton lilikuwa gumu kuliko yale ya Bern, na itakuwa si haki kulisahau hilo. Hata hivyo angalia umbo la maswali yenyewe. Makala kuhusu punje za majini ilieleza punje itasogea umbali gani kwa wastani ndani ya muda fulani, na baada ya miaka michache Jean Perrin wa Ufaransa aliupima umbali huo kwa hadubini na kukuta hesabu ni sahihi. Swali lilikuwa na mlango wa kutokea. Kazi ya Princeton haikuwa na mlango wa namna hiyo. Kila muundo wa hisabati ulioshindwa uliweza kubadilishwa kidogo na kujaribiwa tena, bila tarakimu yoyote kutoka maabara ya kusema hapana. Nguvu zilizokuwa zikigunduliwa ndani ya kiini cha atomu, ambazo zingeweza kumbana, aliziacha kando.

Tofauti ya pili ni watu. Bern kulikuwa na Michele Besso, mhandisi aliyejiunga na ofisi hiyohiyo mwaka 1904, na kila siku walitembea pamoja wakijadiliana. Makala ya uhusianifu ya mwaka 1905 haikutaja kitabu wala makala ya mtu yeyote kama rejea. Jina la Besso ndilo lililoshukuriwa mwishoni. Besso hakuwa mwanafizikia mkubwa. Alikuwa mtu anayeuliza kila kukicha, "Hapo umefikaje?" na anayengoja jibu.

Tuingie sasa ndani ya hesabu yenyewe, maana wasiowahi kuifanya hudhani ni suala la kuketi na kuandika. Hesabu ndefu ya nadharia haikai kwenye karatasi peke yake. Sehemu yake kubwa inakaa kichwani. Kuna herufi zilizochaguliwa na maana zake, kuna alama za kutoa zilizokubaliwa mwanzoni, kuna makadirio yaliyofanywa kwa sababu ambayo siku ile ilikuwa wazi. Mtu akiiacha wiki tatu, akirudi anakuta hajui tena kwa nini kwenye ukurasa wa saba alikitupa kipande kimoja cha mlinganyo. Kilikuwa kidogo mno kiasi cha kupuuzwa? Au alikusudia kukirudia? Kama chungu cha maharage kilichoepuliwa kabla ya kuiva, moto unaanza upya. Saa mbili za jioni zinakwenda katika kujikumbusha tu. Anapoanza kuona njia ni saa nne usiku, na kesho ana kipindi cha saa moja asubuhi.

Kwa hiyo saa kumi zilizotawanyika mwezi mzima si sawa na saa kumi za siku mbili mfululizo. Hapo ndipo hoja ya muda ina ukweli wake: kinachokosekana mara nyingi ni mfululizo kuliko jumla ya saa. Kuna dawa moja ya tatizo hili inayojulikana na watu wa kazi hii, nayo ni kuandika sababu pamoja na hatua. Ukitupa kipande, andika kando kwa nini umekitupa. Ukifunga daftari, andika ulichotaka kujaribu kesho. Na katika kila hatua weka kipimo: kasi ikiwa ndogo sana kuliko ya mwanga, je, jibu linarudi kuwa la Newton? Chaji ikiondolewa, je, nguvu inakuwa sifuri? Vizio vya upande wa kushoto vinalingana na vya kulia? Vipimo hivi huchukua dakika chache na huokoa miezi.

Faida ya kumbukumbu za namna hiyo ilionekana katika kisa ambacho wengi wanaosimulia habari za Einstein hukiruka. Mwaka 1913 yeye na Besso walikaa na nadharia ya uvutano iliyokuwa haijakamilika, wakaijaribu kwa sayari ya Utaridi. Wanaastronomia walijua kwamba njia ya Utaridi kulizunguka Jua hugeuka kidogo kidogo, na kwamba baada ya kutoa athari za sayari nyingine husalia takriban sekunde 43 za pembe kwa karne ambazo hesabu ya Newton haizielezi. Sekunde 3,600 za aina hiyo ndizo digrii moja. Wawili hao walijaza kurasa kwa hesabu. Mara ya kwanza walipata zaidi ya sekunde 1,800, kwa sababu walikuwa wamekosea tungamo la Jua kwa mara kumi. Waliporekebisha walipata 18. Nadharia ilikuwa imeshindwa, na kazi haikuchapishwa. Lakini Novemba 1915, Einstein alipopata milinganyo sahihi, njia ya kuikokotoa Utaridi alikuwa nayo tayari. Ndani ya siku chache akapata 43. David Hilbert, mwanahisabati mkubwa wa Göttingen aliyekuwa akishindana naye wiki zilezile, alistaajabia kasi hiyo. Kasi hiyo ilikuwa imelipiwa miaka miwili kabla, katika kazi iliyoonekana kuwa imepotea bure.

Mtu ambaye maisha yake yanaliangaza suala hili zaidi ni John Bell. Alizaliwa Belfast mwaka 1928 katika familia isiyo na fedha, akaanza kwa kufanya kazi ya fundi wa maabara katika chuo kikuu cha mji huo kabla ya kusajiliwa kuwa mwanafunzi. Ajira yake ilihusu mashine za kuongeza kasi ya chembe na nadharia ya chembe zenyewe, kwanza Uingereza, kisha kuanzia mwaka 1960 katika maabara ya CERN, Geneva, alikokuwa pamoja na mkewe Mary, mtaalamu wa mashine hizo. Hiyo ndiyo kazi iliyomlipa. Maswali kuhusu misingi ya fizikia ya kwanta, yaani nini hasa kinatokea chembe inapopimwa, yalikuwa kazi yake ya pembeni. Na zama hizo yalikuwa maswali yenye sifa mbaya. Wakubwa wa taaluma waliona Niels Bohr ameshayamaliza, na kijana aliyeyashughulikia alionekana anaharibu maisha yake.

Mwaka 1952 Bell alisoma makala mbili za David Bohm zilizoonyesha kwamba inawezekana kuandika fizikia ya kwanta kwa namna ambayo chembe ina mahali pake halisi wakati wote. Jambo hilo lilikuwa limesemwa haliwezekani, na John von Neumann alikuwa ametoa uthibitisho wake katika kitabu cha mwaka 1932. Kitabu kilikuwa cha Kijerumani, lugha ambayo Bell hakuisoma. Mwenzake kazini, Franz Mandl, alimweleza kilichomo. Bell alihisi uthibitisho huo una ufa. Kutoka hisia hiyo hadi makala yake iliyochapishwa ilipita miaka 12.

Miaka hiyo hakuipoteza. Alifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya, na aliifanya vizuri. Swali lilibaki kwa sababu hakukuwa na aliyemhitaji alijibu. Kilichobadilisha hali ni vitu viwili vilivyokuja karibu kwa pamoja. Mwaka 1963 alikutana Geneva na Josef Jauch, profesa aliyekuwa akijitahidi kuuimarisha uthibitisho uleule wa von Neumann. Bell alichemka. Sasa alikuwa na mtu wa kubishana naye, mtu makini, aliyesimama upande wa pili wa swali na aliyestahili kujibiwa. Mwishoni mwa mwaka huo alikwenda Marekani kwa likizo ya utafiti, mbali na mashine na vikao. Kwa hiyo aliyeuwasha moto ni mtu, na likizo ikatoa mfululizo wa siku.

Halafu akafanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha habari yote hii: akalikata swali. Swali kubwa lilikuwa, "Je, fizikia ya kwanta imekamilika?" Watu walikuwa wamelijadili tangu Einstein na wenzake wawili walipoliandikia makala mwaka 1935, na hakuna aliyeweza kushinda wala kushindwa, kwa kuwa halikuwa na jibu la kupimika. Bell aliuliza kitu kidogo zaidi. Chembe mbili zinatoka chanzo kimoja na kwenda pande tofauti. Kila moja inapimwa, na majibu yanapatana. Tuseme chembe ziliondoka zikiwa zimebeba majibu yao, na tuseme kipimo cha huku hakiwezi kuigusa chembe ya kule papo hapo. Je, kupatana huko kunaweza kuwa kwa kiwango chochote? Hapana, alionyesha, kuna kikomo. Na fizikia ya kwanta inasema kwamba kwa pembe fulani za vipimo kikomo hicho kitavukwa. Katika namna ya hesabu iliyoandikwa na John Clauser na wenzake watatu mwaka 1969, kikomo ni 2, na fizikia ya kwanta inafika takriban 2.8. Sasa maabara ingeweza kusema ndiyo au hapana.

Makala, iliyotoka mwaka 1964, ilikuwa na kurasa sita. Aliipeleka kwenye jarida changa lililokufa baada ya miaka michache, sababu mojawapo ikiwa kwamba majarida makubwa yalitoza ada kwa kila ukurasa na yeye, akiwa mgeni, hakutaka kuwaomba wenyeji wake wamlipie. Makala yake nyingine, iliyochambua kosa la von Neumann na iliyoandikwa kabla ya hiyo, ilipotelea katika mafaili ya jarida la pili na ikatoka mwaka 1966, baada ya ile iliyoifuata. Ada ya kuchapisha na barua iliyopotea ni sehemu ya habari hii pia. Mtu aliye ndani ya mkondo mkuu wa taaluma hukumbushwa, hufuatilia, huulizwa na wenzake makala imefikia wapi. Mwenye kazi ya pembeni barua ikipotea imepotea.

Mwaka huohuo wa 1964, Peter Higgs wa Edinburgh aliandika makala fupi mbili. Ya pili ilikataliwa na jarida. Badala ya kuiweka kabatini aliongeza maelezo kuhusu chembe mpya nzito ambayo nadharia yake ilimaanisha ingekuwepo, akaipeleka Marekani, ikachapishwa. Katika nyongeza hiyo ndimo ilimosimama sababu ya watu kuitafuta chembe hiyo hadi ilipotangazwa CERN tarehe 4 Julai 2012. Mhariri aliyekataa alimlazimisha bila kukusudia aseme nini kitaonekana kama yuko sahihi. Ningependa kila mwenye rasimu isiyokwisha ajilazimishe hivyo mapema, bila kungoja kukataliwa.

Nguvu ya anayengoja inaonekana hata kwa Newton. Mawazo ya uvutano yalikuwa kwake tangu miaka ya tauni, 1665 na 1666. Agosti 1684 Edmond Halley alimfuata Cambridge akamuuliza sayari itapita njia gani iwapo nguvu ya Jua inapungua kwa mraba wa umbali. Newton alijibu kuwa ni duaradufu, kwamba ameshaikokotoa, akatafuta karatasi na asiione. Aliahidi kuiandika upya. Novemba ikamfikia Halley mkononi, ndogo, kurasa chache tu. Halley hakuishia hapo. Alibembeleza, alisahihisha chapa, na shirika la wanasayansi la London liliposhindwa kulipia uchapaji, alilipa yeye. Kitabu kilitoka mwaka 1687.

Na George Green, msaga nafaka wa Sneinton karibu na Nottingham, aliyesoma shule kwa takriban mwaka mmoja tu utotoni, alimaliza mwaka 1828 kitabu cha hisabati ya umeme na usumaku ambacho zana zake hutumiwa leo na kila mwanafunzi wa fizikia ya juu. Nani alikuwa akimngoja? Watu wapatao 50 walioahidi kununua nakala, wengi wao wakazi wa hukohuko Nottingham ambao pengine hawakuelewa hata ukurasa mmoja. Lakini walikuwa wameweka majina yao. Green alifariki mwaka 1841 bila sifa, na miaka minne baadaye William Thomson, kijana ambaye dunia ilikuja kumjua kama Lord Kelvin, alipata nakala na kuitangaza Ulaya.

Hapa ndipo suala hili linapotugusa sisi wa Afrika Mashariki, maana anayefanya fizikia ya nadharia katika vyuo vyetu anaweza kuwa peke yake katika tawi lake ndani ya idara nzima. Mwenzake wa ofisi ya pili anapima mionzi ya udongo au nguvu ya upepo, kazi nzuri na yenye faida, lakini si mtu wa kumuuliza kuhusu ukurasa wa saba. Upweke huo aliuonja Abdus Salam. Mwaka 1951, akiwa na sifa kubwa kutoka Cambridge, alirudi kwao Lahore, Pakistan, kufundisha. Hakukuwa na utafiti wala mtu wa kuzungumza naye. Mkuu wa chuo alimpa kazi ya ziada ya kusimamia timu ya mpira wa miguu. Mwaka 1954 akaondoka tena, na aliumia kwa kulazimika kuchagua kati ya nchi yake na fizikia. Mwaka 1964 alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia mjini Trieste, Italia, kwa ajili ya watu walio katika hali kama ile yake.

Busara ya Salam ilikuwa katika utaratibu mmoja wa kituo hicho. Mwanafizikia kutoka nchi inayoendelea anateuliwa kuwa mshirika kwa miaka kadhaa, na ndani ya kipindi hicho anaweza kwenda Trieste mara kadhaa, kila mara kwa wiki nyingi, kisha anarudi kwao kufundisha. Hahami. Anapata mfululizo wa siku, maktaba, na zaidi ya yote watu watakaomwona tena safari ijayo na kumuuliza. Wanafizikia wengi wa Afrika wamepitia njia hiyo. Mwaka 2018 taasisi shirika ya kituo hicho ilianzishwa Kigali, katika Chuo Kikuu cha Rwanda, ikihudumia Afrika Mashariki kwa masomo ya uzamili, uzamivu na utafiti wa fizikia ya msingi. Kwangu hii ni habari kubwa kuliko inavyoandikwa. Mtu wa Bukoba au Mbarara anaweza kwenda kusikilizwa na kurudi kwa basi.

Maktaba, kwa upande mwingine, si kizuizi kama zamani. Tangu Paul Ginsparg aanzishe hazina ya makala ya arXiv huko Los Alamos mwaka 1991, rasimu za fizikia ya nadharia husomwa bure duniani kote siku zinapowekwa. Anayeweka kwa mara ya kwanza huenda akahitaji mwandishi anayetambuliwa amdhamini, na hapo tunarudi kulekule: unahitaji mtu.

Sisi wenyewe tuna mfano wa kazi ya pembeni iliyofika mwisho. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, aliingiza maziwa ya moto kwenye friji akitengeneza aiskrimu, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa baridi. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipoendelea kuuliza akiwa Mkwawa, Iringa, alitaniwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Hukohuko alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Wanafunzi walicheka, Osborne aliahidi kujaribu, na akajaribu. Mwaka 1969 walichapisha pamoja, wakati ambapo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, Moshi. Fizikia haikuwa hata taaluma yake.

Kwa nini maji ya moto yangetangulia kuganda? Wengine wametaja uvukizi, wengine mzunguko wa maji ndani ya chombo, wengine gesi zilizoyeyuka, na mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walitilia shaka kama jambo lenyewe hutokea katika maji hata kidogo. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz waliliandikia nadharia ya jumla, wakaonyesha kwamba mfumo wenye joto zaidi unaweza kuipita mifumo mingine njiani kwenda kwenye ubaridi; mwaka 2020 jambo hilo likaonekana katika jaribio la punje ndogo sana zilizoning'inia majini, nchini Kanada. Kama Mpemba na Osborne wangengoja mpaka wawe na nadharia nzima, makala yao isingetoka. Walichapisha walichokiona na walichokipima, wakaishia hapo. Swali kubwa walilikabidhi kwa wengine likiwa na jina.

Jaribu hilo la kutaka kila kitu ndilo linaloua rasimu nyingi. Mtu anaanza na chembe moja katika mwelekeo mmoja wa anga. Inakwenda. Badala ya kuiandika, anaona aibu kwamba ni ndogo mno, anaongeza mwelekeo wa pili, kisha joto, kisha chembe nyingi, na kila nyongeza inaikimbiza siku ya kumaliza. Aibu hiyo naielewa, hasa kwa mtu anayetoka chuo kisichojulikana na anayehofu kuonekana ameleta jambo dogo. Lakini makala ya Bell inahusu chembe mbili tu.

Zipo pia kazi zinazostahili kuachwa, na kuacha kwa uamuzi ni tofauti kabisa na kuacha kwa kusahau. Ikiwa mtu hawezi kusema kwa sentensi mbili nini kitajulikana akifaulu ambacho leo hakijulikani, au ikiwa amegundua kwamba mwingine ameshaikokotoa, aandike ukurasa mmoja wa alichojifunza na afunge. Kurasa za 1913 za Einstein na Besso ziliachwa hivyo, na zilikuja kufaa.

Linabaki suala la mkate. Einstein wa Bern alikuwa na mshahara wa serikali, Green alikuwa na kinu, Bell alikuwa na ajira ya kudumu CERN. Mwanafizikia Mfaransa Alain Aspect alifundisha Cameroon kwa miaka mitatu kuanzia mwaka 1971, akiitimiza huduma ya kitaifa ya Ufaransa kwa njia hiyo, na jioni alijisomea fizikia ya kwanta peke yake. Aliporudi Ufaransa alikutana na makala ya Bell ya kurasa sita, na mwaka 1975 akaenda Geneva kumweleza jaribio la kukipima kikomo kile alilokusudia kulifanya. Swali la kwanza la Bell lilikuwa iwapo ana ajira ya kudumu. Anayo, alijibu. Ndipo wakazungumza fizikia. Majaribio yake ya Orsay yalikamilika mwaka 1982, na mwaka 2022 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Clauser na Anton Zeilinger. Bell alikuwa amefariki tangu mwaka 1990.

Swali lile la Bell linapaswa kuulizwa katika vyuo vyetu pia, lakini tuwaulize wanaopanga vigezo vya kupandisha watu vyeo. Mhadhiri msaidizi anayehesabiwa makala kila mwaka hawezi kulibeba swali la miaka 12. Higgs mwenyewe alisema kwamba kwa vigezo vya siku hizi asingeonekana mzalishaji wa kutosha kupata kazi. Vigezo hivyo kuvibadilisha kutachukua muda mrefu. Kuna jambo ambalo halihitaji kungoja seneti ya chuo: idara itenge saa moja kila wiki mbili kwa hesabu ambazo hazijakamilika. Anayezungumza asilete matokeo. Alete mstari alipokwama, aeleze ni jibu gani likipatikana ataifunga kazi, na jina lake liwekwe kwenye ratiba ya mwezi unaofuata ili aulizwe amefika wapi. Wasikilizaji watatu wanatosha, hata kama wawili kati yao ni watu wa mionzi ya udongo.